Malalamiko Kuhusu Gunia la Vizibo Kutoka Mwanjelwa

Nkuba Shigela,
Kundi la Magogo,
Kambi ya Korongo la Pili,
Mafinga.

Jumatano, 17 Machi 1976

Kwa Ndugu Meneja wa Kambi,
kwa mkono wa Mnyapara Saulo, ambaye nimemwomba asiifungue, na akiifungua asiisome kwa sauti.

YAH: KUHARIBIWA KWA FEDHA YA NCHI YETU NA MTU ASIYE NA UFUNDI WOWOTE

Ndugu Meneja,

Naanza kwa kukujulia hali wewe, mama wa nyumbani kwako, na kile kifua kilichokusumbua siku ya mshahara. Mimi sijambo isipokuwa vidole. Ili usihangaike na daftari, mimi ndiye yule mrefu ambaye gogo likikwama huwa unasema, "Wewe, ingia chini." Nimeingia chini kwa miaka mitano, na leo sikuandikii juu ya hilo. Nimesoma mpaka darasa la nne. Nitaeleza polepole, na nitakapokosea naomba usome nilichokusudia.

Kwanza nikukumbushe jambo ulilolianzisha wewe mwenyewe. Kila Jumamosi lori la mbao linakwenda Mbeya na kurudi Jumanne, na pembeni ya dereva kuna nafasi ya mtu mmoja. Anayeipata hupewa pia cheti cha ruhusa ya siku nne. Sisi tuko arobaini. Februari ya mwaka jana, tulipopigania nafasi hiyo mbele ya ofisi yako mpaka dirisha likavunjika, ulitoka ukasema, "Amueni wenyewe nani apande, mradi mimi nisisikie kelele." Tulitii. Tulijaribu kura, mtu mmoja akashinda mara tatu mfululizo na tukamnyima chumvi. Tukajaribu kumpa mwenye shida kubwa zaidi, lakini wiki ile walikufa mama kumi na mmoja, wawili kati yao kwa mara ya pili. Ndipo tukakubaliana kwamba kiti kiuzwe ndani ya Nchi.

Huenda huifahamu Nchi. Nchi ni mchezo alioubuni Liberatus, mnoa misumeno, wakati mvua ilipokata barabara na tukakaa wiki tatu bila kazi. Alichora kwenye ubao mpana miji, mito, mgodi wa chuma na pori. Kila mtu aliokota karatasi iliyoandikwa ufundi wake. Mimi niliokota uhunzi. Jailos wa Rungwe, anayelala kitanda cha juu yangu, aliokota ushonaji wa viatu. Mhunzi hurusha dadu, hutembea mpaka mgodini, hupata chuma, kisha hutengeneza jembe kwa mikono yake mwenyewe kwa msumari na bati la kopo, juu ya makaa. Jembe lisizidi ukucha wa kidole gumba. Jumapili kuna gulio, na malipo yote ni kwa vizibo vya soda.

Si kazi nyepesi kama unavyoweza kudhani. Njia ya mgodini inapita mahali palipoandikwa Idodi, na anayekanyaga hapo huliwa na simba, hupoteza chuma chote, na huanza tena Mafinga. Nimeliwa mara kumi na nne. Kila nikirudi bwenini watu huniuliza simba hajambo. Tena sheria inasema mhunzi hawezi kutengeneza shoka mpaka amalize majembe mia moja, wala panga mpaka amalize mashoka sitini. Majembe hayo hayana mnunuzi, kwa sababu ndani ya Nchi hakuna mtu anayelima. Wahunzi tuko sita, na sote tulikuwa tunatengeneza majembe ili turuhusiwe kuacha kutengeneza majembe. Duka la Nchi, ambalo ni sanduku la Liberatus, lilinunua matatu kwa kizibo kimoja kwa kutuhurumia. Vidole viliungua. Mganga wa zahanati aliniuliza kama ni ajali ya kazini, nikasema ndiyo, naye akaandika.

Lakini mvua za mwaka jana zilipokwisha nilikuwa nimepandishwa cheo mara mbili. Kwenye magogo nina miaka mitano na cheo changu ni kile kile cha Wewe.

Kiti cha lori kilikuwa vizibo mia nne. Jumapili ya mwisho ya Februari nilikuwa na mia tatu tisini na moja, ndani ya soksi, na soksi ndani ya buti. Nilipungukiwa tisa. Sasa nakuomba ujue kiti hiki ni cha nini. Sisi ni watu wa Shinyanga tulioteremkia Usangu na ng'ombe wetu. Lori likinishusha Igawa, natembea nusu siku nafika. Niliondoka nyumbani baada ya Krismasi ya mwaka juzi, na mke wangu Leokadia amejifungua mtoto wa kike ambaye sijamwona. Ana miezi minane. Baba yangu, mzee Shigela, amekataa kumpa jina mpaka nimpakate kwanza, maana anasema mtoto hapewi jina na barua. Leokadia ameniandikia, "Tunamwita Wee. Ana meno mawili na bado tunamwita Wee. Njoo, baba yake, watu wanacheka." Basi tabia hii ya kuitwa hivyo inataka kuwa ya ukoo, nami sikuipenda.

Baada ya hayo, malalamiko yangu ni kama ifuatavyo:

1. Kuhusu gunia. Jumanne ya tarehe 2 Machi lori lilirudi, na Anyitike, utingo wa lori, akashuka na gunia la mahindi begani. Tulidhani ni mahindi. Alilimwaga katikati ya bweni, na vilikuwa vizibo. Alivikusanya kwenye mabaa na vioski vya Mwanjelwa, kule Mbeya mjini, ambako, kwa maelezo yake, watu hunywa soda na bia na kuviacha chini kama maganda ya karanga. Alisema, "Nyie watu wa porini, mnaunguza vidole kwa kitu ambacho mjini tunakifagia?" Watu wengine walicheka. Mimi nilikwenda kuhesabu vyangu tena.

2. Kuhusu bei. Kufikia gulio la Jumapili, kumlipa mtu akuchotee maji kwa zamu yako kulitoka vizibo vitano kukafika thelathini. Viatu vya Jailos, ambavyo ni vya ngozi ya kweli ila haviwezi kuvaliwa hata na panya, Anyitike alivinunua vyote bila kuuliza bei, na Jailos akaanza kutembea ameweka mikono nyuma. Kiti cha lori kilifika elfu mbili. Vizibo vyangu ni vile vile mia tatu tisini na moja. Havikuibwa, havikupotea, wala sikuliwa na simba. Nililala nikiwa nimepungukiwa tisa, nikaamka nimepungukiwa elfu moja mia sita na tisa. Naomba uniambie, Ndugu Meneja, aliyeniibia ni nani, na aliingilia wapi.

3. Kuhusu mtu asiye na ufundi. Anyitike hajatengeneza hata sindano. Hajaonja Idodi. Leo anaitwa Fundi Mkuu, kwa sababu alinunua mashoka sitini ya wenzake kwa siku moja akayaonyesha kama yake. Nilipomwambia kwamba cheo hakinunuliwi, alinijibu mbele ya watu, "Nkuba, hivyo vizibo vyako ungeviotesha mikia ungeenda kuvichunga." Sikukasirika, maana mtu wa kwetu haoni aibu kuchunga. Lakini naomba iandikwe kwamba alisema.

4. Kuhusu hukumu ya Liberatus. Tulimpelekea shauri kama mwenye Nchi. Alifikiri akinoa msumeno mzima, upande mmoja na wa pili, kisha akasema kizibo ni kizibo. Nilipendekeza vizibo vya zamani vitobolewe tundu katikati ili vijulikane, na vya gunia vikataliwe. Alikubali, na usiku huo huo sote tulitoboa. Asubuhi vya gunia navyo vilikuwa na tundu. Sitaki kukuficha kitu: tindo ya kutobolea, Anyitike nilimtengenezea mimi. Alikuja kama mteja na mhunzi hamkatalii mteja, tena ilikuwa kazi yangu ya kwanza kulipiwa vizuri. Alinipa thelathini, nikalipia navyo zamu moja ya maji, vikaisha. Hiyo ni hasara juu ya hasara, na inazidi kuonyesha ubaya wake.

5. Kuhusu kiti chenyewe. Hili ndilo lililonikalisha niandike. Anyitike amenunua kiti kwa Jumamosi mbili mfululizo. Ndugu Meneja, Anyitike ni utingo. Yeye yuko kwenye lori hilo kila Jumamosi ya Mungu, na kazi yake ni kuwa kwenye lori hilo. Nilipomwuliza kiti anakinunulia nini, alisema gunia lake linaumia kule nyuma juu ya mbao. Basi Jumamosi mbili, watu arobaini tumesimama getini, wengine tumevaa mashati ya kanisani, tumelitazama gunia likienda Mbeya limekaa pembeni ya dereva. Lilipofika kwenye kona lilimwinamia dereva kama mtu aliyesinzia. Gunia hilo halina mke Usangu.

6. Kuhusu hatua za kuchukua. Nimefikiri kwa siku kumi, wakati wa kazi, na haya ndiyo naomba:

Kwanza, vizibo vyote vya gunia vitangazwe kuwa si fedha, kwa sahihi yako na mhuri wa kambi, na tangazo libandikwe jikoni ambako kila mtu hupita.

Pili, kwa kuwa Anyitike atakwenda kuleta vingine, lori lisimame Makambako likirudi na utingo apekuliwe mifuko, mikunjo ya suruali na kofia.

Tatu, kwa kuwa atatafuta njia nyingine, uwaandikie wenye mabaa wa Mwanjelwa, kwa heshima, kwamba kila anayefungua chupa akabidhiwe kizibo chake na aondoke nacho. Nimesikia mabaa ni kumi na saba. Barua moja inaweza kunakiliwa.

Nne, wenye mabaa ni watu wa biashara na hawatasikia. Hivyo itafaa uwaandikie watengenezaji wa soda wenyewe, waache kutumia vizibo vya bati. Kwetu kibuyu cha maziwa huzibwa kwa gunzi la mahindi na hakuna aliyewahi kufa. Nchi hii ya nje, namaanisha Tanzania, inalima mahindi ya kutosha kuziba kila chupa kutoka Tunduma mpaka Kitonga, na magunzi hayahesabiki kuwa fedha mahali popote ninapopafahamu.

Tano, wakati magunzi yanasubiriwa, serikali ya mkoa wa Iringa na ya mkoa wa Mbeya zifanye sensa ya vizibo nyumba kwa nyumba, mabalozi wa nyumba kumi wasaidie, na atakayekutwa na zaidi ya ishirini aeleze alivyovipata na aonyeshe mikono. Mwenye vizibo vya haki ana vidole vilivyoungua. Mimi niko tayari kuwa wa kwanza kuonyesha.

Sita, hili ni dogo na ukipenda liache. Kwenye karakana ya kambi kuna nafasi ya msaidizi wa mhunzi tangu yule wa zamani arudi Njombe. Naambatisha na barua hii shoka moja na mapanga mawili niliyotengeneza. Tafadhali yafungulie juu ya kitambaa cheupe, maana yakianguka sakafuni hayaonekani. Utaona shoka lina tundu la mpini, na mpini upo. Sidai chochote. Nasema tu kwamba mtu akinipa chuma cha ukubwa wa kawaida, sioni kwa nini kinishinde.

7. Kuhusu ninavyoonekana. Najua utasema huu ni mchezo. Mnyapara Saulo naye amesema, "Mtu mzima na ndevu zake, analilia vizibo." Nimelifikiria sana neno hilo. Nikiwa chini ya gogo nafanya kazi ya kweli, napata shilingi za kweli, nazituma nyumbani, na zikifika zinakuwa chumvi na dawa ya ng'ombe. Hakuna shilingi iliyowahi kunipa cheti cha siku nne. Hata ningeweka nauli ya basi mfukoni, bila cheti ningerudi nikakuta kazi yangu ina mtu. Kitu pekee katika kambi hii kinachoweza kunifikisha kwa mwanangu ni vizibo mia nne, na nilikuwa navyo kasoro tisa. Kwa hiyo naomba usiniambie ni mchezo. Waambie waliopanda lori kwa mwaka mzima kama walifika nyumbani kwa mchezo.

Tena Leokadia ameandika tena juzi. Ufizi wa mtoto umevimba mahali pa jino la tatu. Anauliza kama amwambie mzee Shigela asubiri, au nimtumie jina kwa barua na mzee akasirike. Sijamjibu. Sijui nimwandikie kwamba kilichonichelewesha ni nini, maana nikiandika ni bei ya vizibo, yule katekista anayemsomea barua zangu atadhani nimeanza kunywa.

Ndugu Meneja, sina zaidi. Nakutegemea kwa sababu juu yako sijui aliko mtu mwingine. Nakuombea kifua kipone kabisa, na dawa ya majani ya mkaratusi usiiache. Nisalimie mama, nisalimie karani wako na mpishi wenu, nisalimie yule jamaa wa ghala la mafuta, na mbwa wa getini umwambie simlaumu, suruali ilikuwa imechakaa.

Mimi niliye chini ya gogo, lakini kwa heshima,

Nkuba Shigela,
Fundi wa Daraja la Tatu (katika Nchi)

Nyongeza, Alhamisi jioni:

Kabla sijampa Mnyapara Saulo barua hii, yeye mwenyewe amenijia na cheti. Amesema Jumamosi iliyopita ulikuwa dirishani ukaona gunia limekaa kwenye nafasi ya mtu, ukauliza ni nani katika kambi hii amekaa muda mrefu kuliko wote bila kwenda kwao, na wakanitaja. Cheti kina jina langu, lori la Jumamosi hii, siku nne, bila kizibo hata kimoja. Ndugu Meneja, nashindwa kuandika nilivyofurahi. Nilikaa kitandani nimekishika, nikafua shati, nikalianika.

Shati lilikuwa bado linachuruzika maji Jailos aliposhuka kutoka kitanda cha juu. Dada yake anaolewa Rungwe Jumapili. Alisema ananipa elfu mbili mia nne kwa cheti, zile alizopata kwa viatu vyake, taslimu. Nilimwambia haiwezekani, nina mtoto. Akasema, "Mtoto yupo tu, atakimbilia wapi? Lakini bei hii, Nkuba, kesho haipo." Nikaona hapo ana ukweli. Tangu Nchi ianze hakuna mhunzi aliyewahi kushika elfu mbili mia nne kwa mkono mmoja. Nilimwuzia. Jumamosi asubuhi Jailos ataitwa Nkuba, kwa hiyo akikuaga getini kwa jina hilo naomba umwitikie.

Kwa sababu hiyo, malalamiko namba 1 mpaka 5 yahesabike kuwa hayakuandikwa. Na katika namba 6, lile ombi la kuvitangaza vizibo vya gunia kuwa si fedha naomba ulichane kabisa, maana karibu vyote alivyonilipa Jailos vimetoka kwenye gunia hilo. Nimevitazama kimoja kimoja na sioni kasoro yoyote. Liberatus alihukumu vizuri. Wenye mabaa wa Mwanjelwa usiwasumbue, na magunzi yabaki kwenye mahindi.

Leokadia nimemwandikia kwamba nakuja Jumamosi ya wiki ijayo, na mzee asubiri. Nilipomaliza nilikwenda kwa Liberatus kununua kiti hicho mapema. Amesema baada ya watu kusikia Jailos alivyonilipa, kimefika elfu tatu. Mimi nina elfu mbili mia saba tisini na moja. Nimepungukiwa mia mbili na tisa tu, Ndugu Meneja, na tangu nianze kazi hapa sijawahi kuwa karibu na nyumbani kiasi hiki.